Bomba la Maji Linalobeba Kamera

Kamera ninayopigia video za harusi inakaa juu ya kipande cha bomba la maji. Chini ya bomba kuna pao la chuma lenye washa, zile pete bapa za bolti, kila ncha, katikati kuna beringi nne, na kwenye beringi hizo umening'inia mpini niliouvisha mpira wa mpini wa baiskeli. Vijana wenzangu wa video wakikiona chombo hiki ukumbini huuliza mota iko wapi. Hakina mota. Hakina betri, hakina swichi, hakichajiwi. Nimeendelea nacho hata baada ya gimbali za mota, vile vishikio vinavyoituliza kamera kwa umeme, kujaa madukani Kariakoo, na nataka kueleza kwa nini, maana wengi wanaotengeneza stabilaiza (chombo cha kutuliza kamera) ya nyumbani wanaiga umbo waliloona kwenye picha bila kujua kila kipande kimewekwa pale kufanya nini. Ikikataa kutulia wanaitupa, wakaamini kwamba bila pesa nyingi video haiwezi kutulia.

Tuanze na mtikisiko wenyewe. Mkono huitikisa kamera kwa namna mbili. Ya kwanza ni kamera nzima kuhama: inapanda, inashuka, inakwenda pembeni kufuata hatua za mbebaji. Ya pili ni kamera kuzunguka palepale ilipo: inainamisha uso, inauinua, inalalia ubavu, inageuka kidogo kulia au kushoto. Wengi wanapambana na ile ya kwanza kwa sababu ndiyo wanayoihisi miguuni. Inayoharibu picha zaidi ni hii ya pili.

Piga hesabu ndogo. Bibi harusi yuko mita 4 mbele yako. Kamera ikipanda sentimita 2 bila kuinama, kwenye picha yeye anashuka kiasi cha sentimita 2 hizohizo, na hakuna mtazamaji atakayeshtuka. Kamera ikiinama digrii 1 tu, picha inahama kiasi cha sentimita 7 pale aliposimama. Sasa tazama ukuta wa ukumbi ulio mita 20 kutoka kwako. Kwa kupanda, bado ni sentimita 2. Kwa kuinama, ni sentimita 35. Ndiyo maana kwenye video ya mkono mtupu picha nzima huyumba, watu walio mbele na mapambo ya nyuma kwa pamoja, na macho ya anayetazama huchoka kabla hajajua kinachomchosha.

Kwa hiyo stabilaiza isiyo na mota ina kazi mbili tu: kuifanya kamera iwe ngumu kuzungushwa, na kuitenga na kiganja chako.

Ugumu wa kuzungushwa unatokana na uzito na mahali uzito ulipo. Ukiusogeza uzito mbali na mhimili mara mbili, ugumu wake wa kuzungushwa unakuwa mara nne. Hapo ndipo ilipo nguvu yote ya kipande cha bomba. Kamera yangu, Canon 700D na lenzi yake ya 18–55, ina karibu gramu 800. Ukiishika mkononi, uzito wote umejikusanya katika boksi dogo, na kidole kimoja kinatosha kuigeuza. Iweke sentimita 15 juu ya mhimili, kisha weka gramu 400 za chuma sentimita 30 chini ya mhimili huohuo. Pande zinalingana, kwa kuwa 800 mara 15 ni sawa na 400 mara 30. Umeongeza nusu ya uzito wa kamera tu, lakini chombo kizima sasa kinapinga kuinamishwa zaidi ya mara ishirini kuliko kamera peke yake. Mtetemo wa mkono unapofika juu umekwisha kupungua sana, na kilichobaki ni mwendo wa polepole ambao jicho linaupokea bila shida.

Aliyeifanya kanuni hii iingie kwenye sinema ni Mmarekani Garrett Brown, mpiga filamu wa Philadelphia, katikati ya miaka ya 1970. Kabla yake, aliyetaka kamera itembee bila kuruka alilazimika kutandika reli na kusukuma kitoroli juu yake. Brown alirekodi picha za majaribio, mojawapo ikimwonyesha mchumba wake akipanda mbio ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia. Mwongozaji John Avildsen alipoziona alitaka kujua zimepigwaje, na ngazi zile ziko wapi. Ndivyo zilivyoingia kwenye filamu ya Rocky ya mwaka 1976, na hakuna reli ambayo ingeweza kupanda ngazi zile na mkimbiaji. Mwaka 1978 chombo chake, Steadicam, kikapewa tuzo ya Oscar ya ufundi.

Steadicam kamili ina fulana inayobebesha uzito kiunoni na mabegani, mkono wa springi unaomeza kupanda na kushuka, na nguzo yenye gimbali, yaani kiungo cha beringi kinachomeza kuzunguka. Sisi wa bomba la maji tunatengeneza nguzo na gimbali tu. Springi ni kiwiko chako na magoti yako, na nitarudi huko.

Mtu mwingine ninayemheshimu katika jambo hili ni Johnny Chung Lee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, alieleza hadharani jinsi ya kutengeneza stabilaiza kwa dola 14: vipande vitatu vya bomba la inchi nusu, ti moja ya kuviunganisha, vifuniko vya ncha, bolti na jiwe la kunyanyulia uzito chini. Hakuna gimbali, mpini unatokea ubavuni mwa ti na unaushika kwa mkono mzima. Namshauri kila anayeanza atengeneze hiyo kwanza. Inakamilika mchana mmoja, na utahisi mkononi ile hesabu ya umbali na uzito. Upungufu wake ni kwamba kiganja kimeungana na nguzo moja kwa moja: ukipinda kifundo cha mkono, kamera inapinda nacho. Inatimiza kazi ya kwanza kati ya zile mbili. Ya pili inahitaji beringi.

Gimbali yangu ilitengenezwa mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa mzee anayekereza vyuma. Nilimwamkia, nikamtolea bomba na mchoro wa kalamu. Akaugeuza mchoro, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitabeba kilo ngapi?" Nikamjibu karibu mbili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kazi. Lile ndilo swali sahihi la kwanza, na nimekutana na wauzaji wa vifaa vya kamera ambao hawaliulizi.

Bomba la chuma la inchi nusu, kwa nje, lina kipenyo cha karibu milimita 21. Mzee alikereza sehemu ndogo hadi milimita 20 ili beringi ya 6004, yenye tundu la milimita 20, ikae kwa kubana. Beringi hiyo inairuhusu nguzo igeuke kulia na kushoto. Nje yake kuna pete ya chuma, na kwenye pete, pande mbili zinazotazamana, kuna beringi ndogo za 608, zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Hizo zinaruhusu kuinama mbele na nyuma. Beringi ya nne, 608 nyingine, iko kichwani mwa mpini, nayo inaruhusu kulalia ubavu. Mihimili yote mitatu lazima ikutane katika nukta moja, katikati kabisa ya bomba. Ikipishana hata milimita chache, chombo kitakuwa na upande kinaoupenda kulalia, na hakuna washa itakayokiponya. Kama una pesa ya kulipia jambo moja tu katika mradi huu, mlipe mkereza vyuma.

Beringi za 608 utazipata kwenye maduka ya beringi, na pia ndani ya vile vichezeo vya kuzungusha kidoleni vilivyovuma mwaka 2017; vingi vilikuwa nazo. Ukinunua mpya zimejaa grisi nzito, iliyokusudiwa kwa gurudumu lenye kasi. Kwetu grisi hiyo ni adui, maana beringi inayogoma kidogo inapitisha mtikisiko wa mkono kwenda kwenye kamera. Zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Baada ya hapo ukipuliza kwa mdomo inazunguka.

Kuna jambo la bolti ya kamera ambalo limeua kamera za watu wengi hapa mjini. Tundu lililo chini ya kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Bolti zilizojaa dukani ni za milimita, na M6 inakaribia sana kwa unene: milimita 6 dhidi ya 6.35. Inaingia mzunguko mmoja au miwili, inalegalega, mtu anaikaza kwa spana, na nyuzi za kamera zinasagika. Ulizia bolti ya inchi, ya robo. Hata zile za zamani za Kiingereza za Whitworth zinafaa, kwa kuwa nazo za robo inchi zina nyuzi 20, na vifaa vya kamera vya zamani vilitumia hizohizo.

Bomba la plastiki sikushauri. Ni jepesi na rahisi kukata, lakini linapinda kidogo na kutetema kila mguu unapogonga chini, na mtetemo huo wa haraka ndio unaokera kuliko wote. La chuma lina karibu kilo 1.2 kwa mita, halipindi, na uzito wake wenyewe unasaidia.

Sasa mizani. Hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu chombo kizuri kisichopimwa ni kibaya kuliko mkono mtupu.

Funga kila kitu kama kitakavyokuwa kazini: betri ndani, kadi ndani, kifuniko cha lenzi kimetolewa, maiki iko mahali pake. Kamera iwe juu ya kibao chenye mfereji ili uweze kuisogeza. Nguzo ikilala mbele, rudisha kamera nyuma kidogo. Ikilala kulia, sogeza kushoto. Milimita moja inaonekana. Endelea mpaka nguzo isimame wima bila kuguswa.

Kisha linganisha juu na chini. Ilaze nguzo mlalo, iachie, uhesabu muda inaochukua mpaka ipite wima. Chini kukiwa kuzito mno itaanguka mara moja, na huyo ni pendulamu: ukianza kutembea uzito wa chini unabaki nyuma na kamera inainamia sakafuni, ukisimama, uzito unaendelea mbele na kamera inatazama dari. Chini kukiwa kwepesi mno, haitajua juu ni wapi, itazurura. Muda wa sekunde 2 hivi ndio ninaoupenda. Ongeza washa moja, pima. Toa moja, pima. Unachotafuta ni kitovu cha uzito kiwe chini ya gimbali kwa umbali mdogo sana.

La tatu, ambalo karibu kila stabilaiza ya nyumbani niliyowahi kushika inalikosa, ni kugeuka kulia na kushoto. Nguzo nyembamba ni ngumu kuinamisha lakini ni rahisi mno kuzungusha kwenye mhimili wake wima, kwa kuwa uzito wote uko karibu na mhimili huo. Ukiweka jiwe moja la duara chini kabisa, kamera itageukageuka kutafuta mahali pa kutazama. Gawa uzito uleule mara mbili, uupeleke kwenye ncha za pao la mlalo lenye sentimita 20 au 25, moja mbele na moja nyuma. Hujaongeza hata gramu moja ya washa, na kamera imeacha kuhangaika. Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwa kila anayetengeneza, ningesema hili.

Baada ya mizani, mwili. Gimbali haiondoi kupanda na kushuka kwa hatua. Hiyo ni kazi ya miguu. Mtazame mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika, anavyopita kwenye njia ya mawe. Magoti yamelegea, nyonga zinacheza, shingo imetulia, na maji hayamwagiki. Tembea hivyo. Kisigino kitangulie, unyayo ufuate taratibu, goti lisinyooke kabisa. Kiwiko kiwe kimekunjwa na kisigande kwenye mbavu. Mkono wa pili uguse bomba chini tu ya gimbali, kwa kidole gumba na cha shahada, mguso mwepesi wa kuielekeza kamera. Ukishika kwa nguvu umefuta kazi yote ya beringi.

Kwenye harusi za hapa Dar chombo hiki kinaonyesha thamani yake mara mbili usiku mmoja. Kwanza ni wakati wa maharusi kuingia ukumbini. Wanakuja kwa mwendo wa kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma, wapambe wamewatangulia, simu za wageni zimenyooshwa kutoka pande zote. Mimi niko mbele yao narudi kinyumenyume, msaidizi wangu ameshika mkanda wangu wa suruali na ananiongoza kupita nyaya za DJ. Pili ni foleni ya zawadi, pale kina mama wa kikundi wanapokuja na sare zao za kitenge, wanacheza mpaka meza kuu. Ninapita ubavuni mwa foleni nzima kwa shoti moja, kutoka wa mwisho hadi anayekabidhi. Mteja akija kuangalia kazi, mara nyingi hapo ndipo anapoomba irudishwe nyuma aone tena, kwa sababu kila shangazi yumo na uso wake unaonekana.

Huwezi kuzungusha lenzi ukiwa na mikono miwili kazini, kwa hiyo panga mapema. Lenzi ikiwa kwenye milimita 18 na tundu lake la mwanga likiwa f/5.6 kwenye kamera ya aina yangu, ukifokasi mita 3, kuanzia kama mita moja na nusu hadi mbali kabisa vyote vitaonekana vyema. Kisha usiguse kitu. Usizumu pia, kwani lenzi ikirefuka mizani imeharibika. Napiga fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ni 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hertzi 50, taa zinapwita mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/50 inameza mapwito mawili kamili, hivyo ukuta haupatwi na mistari ya giza.

Upepo ndio udhaifu wake mkubwa. Ufukweni wakati wa kusi, kamera iliyotengwa na mkono kwa beringi nyepesi inasukumwa na kila dharuba. Pale Forodhani, Unguja, nalazimika kuupa upepo mgongo na kuufanya mwili wangu ukuta, au kukaza vidole kidogo na kukubali picha isiyotulia kabisa. Lakini ingia hatua chache tu ndani ya Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wanapishana kwa kugeuza mabega, na upepo umekatika. Hakuna reli itakayotandikwa pale. Unatembea, unakata kona, unainama chini ya kibaraza, unatokea kwenye mlango wa nakshi, kamera inafuata.

Gimbali ya mota inafanya kazi kwa njia nyingine: sensa inahisi kuinama, mota inasukuma upande wa pili mara moja. Tangu kampuni ya Freefly ya Marekani ilipoonyesha MōVI mwaka 2013, vifaa hivyo vimekuwa vidogo na bei imeshuka, na kwa simu ya gramu 200 ningenunua cha mota bila kusita, maana simu peke yake ni nyepesi mno kwa nguzo kama yangu. Upepo pia kinauvumilia vizuri zaidi. Kwa kamera, napenda chombo changu kwa sababu mwendo wake ni wangu. Nikitaka kamera ichelewe kidogo kugeuka, vidole vyangu ndivyo vinavyoamua. Sisubiri programu iamue kama kugeuka kwangu ni kwa makusudi au ni mtikisiko. Na usiku wa harusi ukifika saa sita, chombo changu kiko vilevile kama kilivyokuwa jioni.

Wapo wanaosema tikisika utakavyo, programu ya kuhariri itatuliza. Inatuliza kweli, kwa kukata kingo za picha, na wakati mwingine mkato huo unaondoka na kilemba cha bibi mzaa mama. Lakini kamera ilipotikisika kila fremu ilishapata ukungu wake wa mwendo, na ukungu huo programu haiufuti. Unapata picha iliyosimama ambayo inaingia ukungu na kuwa safi kwa kupokezana, kila hatua. Mwanga wa kumbi zetu ni hafifu, shata haiwezi kwenda kasi, kwa hiyo ukungu huo huwa mkubwa. Utulivu lazima uanzie kwenye kamera.

Kuna gharama ya mwili, nayo niitaje. Karibu kilo 2 kwenye mkono mmoja ulionyooshwa nusu si mchezo kwa wimbo mzima wa kuingia. Nabadilisha mkono kila shoti, na kati ya matukio kamera inarudi kwenye stendi. Anayepiga kutwa nzima afikirie mkono wa springi na fulana. Mzee wa Gerezani amekwisha kuniuliza mkono huo utabeba kilo ngapi, na tumeanza kutafuta springi za milango ya gereji zinazolingana.

Nikivuka kwenda Unguja kwa boti, washa naziacha nyumbani. Nabeba bomba, pao, gimbali iliyofungwa kwenye taulo, na bolti ya robo inchi, kwa sababu hiyo ni shida kuipata. Washa nanunua hukohuko duka la vifaa vya ujenzi, kwa kilo, halafu naanza kupima upya kwa kuilaza nguzo na kuiachia.